Vijiwe ndani ya sainasi na sainasi sugu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaotafuta habari hizi tayari wana majibu ya picha mkononi. Humo imeandikwa kwamba sainasi moja imejaa, na katikati yake kuna kitu kigumu chenye kalsiamu. Wengine wamehangaika na mafua yasiyoisha kwa miaka, wamemaliza dozi baada ya dozi, na hakuna aliyewaambia kwa nini hawaponi. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya hao wote. Hayachukui nafasi ya daktari anayekuona ana kwa ana, ila yatakusaidia uingie chumbani kwake ukijua cha kuuliza.

Sainasi ni nini hasa? Mbona kila mtu anasema "nina sainasi"?

Kila mtu anazo. Ni matundu yenye hewa ndani ya mifupa ya uso na fuvu, na jina lake limehamia kwenye ugonjwa kwa mazoea tu. Ziko jozi nne: za mashavuni, ambazo ndizo kubwa, za kwenye paji la uso, za kati ya macho, ambazo ni vyumba vidogovidogo vilivyopangana kama sega la nyuki, na za nyuma kabisa, ndani ya fuvu, jirani na mishipa ya fahamu ya macho.

Ndani yake kuna utando laini unaotoa kamasi wakati wote, hata ukiwa mzima. Juu ya utando huo kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyopigapiga na kuisukuma kamasi kuelekea kwenye tundu dogo la kutokea puani. Sainasi ya shavu ina shida yake ya kimaumbile: tundu lake liko juu, karibu na dari. Kamasi haiwezi kumwagika yenyewe, lazima ipandishwe na vinyweleo. Utando ukivimba kidogo tu kwenye lile tundu, au vinyweleo vikichoka, kamasi inatuama. Karibu kila kitu kitakachoelezwa hapa chini kinaanzia kwenye kutuama huko.

Ni wakati gani tatizo linaitwa sugu?

Dalili zikidumu wiki 12 au zaidi bila kuisha kabisa. Madaktari huangalia dalili nne: pua kuziba, kamasi nzito inayotoka mbele au kuteremkia kooni, uso kuuma au kuhisi umebanwa, na kupungua kwa uwezo wa kunusa. Unahitaji angalau mbili kati ya hizo, na mojawapo iwe kuziba au kamasi. Kisha lazima kuwe na ushahidi wa macho: kamera nyembamba ya puani ionyeshe usaha, utando uliovimba au nyama za puani (vivimbe laini vya utando vinavyoning'inia puani), au picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha kichwa kipande kwa kipande) ionyeshe hivyo.

Sharti hilo la ushahidi lina maana sana. Kuna watu wanaotibiwa sainasi miaka mingi, kumbe wana kipandauso. Maumivu ya paji la uso na mashavu yanayokuja na kuondoka, yanayoambatana na kichefuchefu au kuchukia mwanga, huku pua ikipitisha hewa vizuri na hakuna kamasi chafu, mara nyingi hayatoki kwenye sainasi. Kwa upande mwingine, picha ya kichwa iliyopigwa kwa sababu tofauti kabisa huweza kuonyesha utando ulionenepa kidogo kwa mtu asiye na dalili yoyote. Huyo hahitaji dawa.

Kitu kigumu kinatengenezwaje ndani ya tundu lenye hewa?

Kwa namna ileile ukoko unavyojengeka ndani ya birika. Kamasi, usaha na machozi vina madini, hasa chumvi za kalsiamu, fosfati na magnesiamu. Vitu hivyo vikikaa mahali pamoja muda mrefu, madini yanaanza kuganda juu ya kitu chochote kilichopo: bonge la kamasi kavu, damu iliyoganda, kipande cha mzizi wa jino, bonge la fangasi. Tabaka linaongezeka juu ya tabaka, miezi na miaka.

Likijengeka ndani ya pua yenyewe huitwa jiwe la puani. Mara nyingi kiini chake ni kitu kilichoingizwa utotoni kikasahaulika, kama shanga au mbegu. Thomas Bartholin, daktari wa Denmark, alieleza jiwe la aina hiyo mwaka 1654, lililokuwa limejijenga kuzunguka kokwa la cheri. Likiwa ndani ya sainasi, ambako si rahisi kitu kuingia kutoka nje, kiini huwa ni kitu cha humohumo mwilini, fangasi, au kitu kilichopita kupitia jino.

Je, nipunguze maziwa na vidonge vya kalsiamu?

Hapana. Kalsiamu hii inatoka kwenye majimaji yaliyotuama mahali pamoja. Haitokani na chakula chako, na kujinyima maziwa hakutaondoa hata chembe.

Ripoti ya CT inasema kuna kalsiamu. Inaweza kuwa nini?

Kinachotangulia kwenye orodha ni bonge la fangasi, na nimeliwekea swali lake hapo chini kwa sababu ndilo linalotisha watu bila sababu. Linafuata jiwe la kawaida lililojengeka kwenye usaha wa muda mrefu, pamoja na mabaki ya jino au ya vifaa vya meno.

Kuna pia osteoma, uvimbe wa mfupa usio saratani, ambao hupenda sana sainasi ya paji la uso. Huo ni mfupa halisi uliootea ndani. Wengi huishi nao bila kujua na huachwa tu uangaliwe, isipokuwa ukiziba njia ya kamasi au ukisogea kuelekea jicho au ubongo.

Halafu vipo vivimbe vya utando au gegedu vyenye vipande vigumu ndani yake. Kimojawapo huitwa papiloma geuzi. Si saratani, lakini hula nafasi, hurudi kisipoondolewa chote, na kwa baadhi ya watu hugeuka kuwa saratani. Saratani zenyewe za sainasi ni chache, lakini baadhi huonyesha kalsiamu.

Mtaalamu wa picha huangalia umbo na mahali. Chenga ndogondogo zilizokusanyika katikati ya sainasi iliyojaa zinaelekeza zaidi kwenye fangasi. Kitu kigumu kilicho pembezoni, cha mviringo au chembamba kama ganda la yai, kinaelekeza zaidi kwenye kuvimba kwa kawaida kwa utando kusiko kwa fangasi. Ukuta wa mfupa nao unatoa habari: ukiwa umenenepa, ni dalili ya tatizo la miaka, ukiwa umeliwa na kutoboka, daktari hapaswi kungoja.

Hata hivyo picha inaelekeza tu. Jibu kamili linatoka maabara, baada ya kitu chenyewe kutolewa na kuangaliwa kwa darubini.

Kwa nini nimeagizwa CT wakati tayari nina eksirei, au MRI?

Eksirei ya kawaida inaunganisha mifupa yote ya uso kwenye kivuli kimoja, na vitu vidogo vinapotea humo. CT inaonyesha mfupa na kalsiamu kwa uwazi, na ndiyo ramani ya daktari wa upasuaji. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ni nzuri kwa kutofautisha uvimbe na kamasi, au kuona kama tatizo limefika kwenye jicho au ubongo. Lakini MRI ina mtego wake: bonge la fangasi lenye kalsiamu na madini mengine huweza kuonekana jeusi kabisa kwenye baadhi ya picha zake, kama hewa, na sainasi iliyojaa ikasomwa kuwa tupu. Ndiyo maana vipimo hivi viwili vinasaidiana. Kama una mimba au huenda unayo, sema kabla ya kupigwa CT.

Nimeambiwa nina bonge la fangasi. Je, fangasi wananila kichwa?

Neno fangasi limebeba magonjwa matatu tofauti, na hofu yote inatokana na kuyachanganya.

La kwanza ni bonge la fangasi. Mbegu za fangasi, hasa wa jamii ya Aspergillus, ziko kwenye hewa tunayovuta sote kila siku. Kwa kawaida vinyweleo huzifagia nje. Katika sainasi isiyotoa uchafu wake vizuri, zinaota na kufumana kuwa bonge, kahawia au la kijani, lenye mguso wa udongo, na kalsiamu huganda katikati yake. Bonge hili limekaa ndani ya tundu tu. Halijaingia kwenye nyama wala mfupa. Huwapata zaidi watu wazima wenye kinga nzuri, wanawake zaidi ya wanaume, na karibu kila mara upande mmoja, kwenye sainasi ya shavu. Haliambukizi mtu mwingine. Pia halitibiki kwa vidonge vya fangasi, kwa sababu dawa inasafiri kwenye damu na bonge halina mshipa wa damu hata mmoja. Linatolewa kwa upasuaji, na kwa wengi huo ndio mwisho wake.

La pili ni mzio wa fangasi. Hapa mwili wenyewe unapigana kupita kiasi na fangasi kidogo waliopo. Wagonjwa huwa vijana zaidi, wengi wana pumu au mzio, wana nyama za puani, na sainasi hujaa kamasi nzito inayonata kama gundi. Upasuaji unahitajika, lakini peke yake hautoshi. Lazima ufuatwe na dawa za steroidi, zinazotuliza uvimbe, na uangalizi wa muda mrefu, la sivyo tatizo linarudi.

La tatu ndilo la kuogopwa: fangasi wanaovamia nyama. Aina ya ghafla humpata mtu ambaye kinga yake imeanguka, kama mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye saratani ya damu, au anayetumia dawa kali za kushusha kinga. Huenda kwa saa na siku. Uso unavimba na kupata ganzi, jicho linauma au kupoteza nuru, ngozi au kaakaa linageuka jeusi. Hiyo ni dharura ya usiku huohuo, na inatibiwa kwa upasuaji pamoja na dawa za fangasi kupitia mshipa.

Kwa hiyo ukiambiwa "ni fangasi", swali lako la kwanza kwa daktari liwe: je, wameingia kwenye nyama au wamekaa tu ndani ya tundu?

Jino linahusikaje na pua?

Kuliko watu wengi wanavyodhani. Mizizi ya magego ya juu imekaribiana sana na sakafu ya sainasi ya shavu, na kwa baadhi ya watu kinachotenganisha ni ganda jembamba la mfupa au utando tu. Jino lililooza mpaka kwenye mzizi linaweza kutoa usaha juu badala ya chini. Jino liking'olewa linaweza kuacha tundu linalounganisha mdomo na sainasi, au kipande cha mzizi kikasukumwa humo. Dawa ya kujazia mzizi, hasa yenye zinki, ikipenya hadi ndani ya sainasi huweza kuwa kiini cha bonge la fangasi. Uhusiano huo umeonekana kwa wagonjwa wengi.

Dalili zinazoelekeza kwenye jino ni hizi: upande mmoja pekee, harufu ya uvundo ambayo mgonjwa mwenyewe anaisikia, ladha mbaya mdomoni, na historia ya kutibiwa meno upande huohuo, hata kama ni miaka iliyopita. Na jino lenyewe si lazima liume. Mtu anaweza kufanyiwa upasuaji mzuri wa sainasi na bado asipone kwa sababu hakuna aliyemwangalia mdomoni. Mwambie daktari wa pua kuhusu meno yako, na daktari wa meno kuhusu pua yako. Wao mara nyingi hawakutani.

Kwa nini kila daktari ananiuliza kama ni upande mmoja au pande zote mbili?

Kwa sababu ndilo swali linalogawa njia. Mzio, pumu, moshi na udhaifu wa kinga havichagui upande. Hukamata kulia na kushoto. Kinachokaa upande mmoja miezi na miezi kina sababu ya upande huo: jino, bonge la fangasi, jiwe, kitu kilichoingia, au uvimbe. Ningependa kila mgonjwa alijue hili. Pua inayoziba upande mmoja tu, inayotoa damu au uvundo upande mmoja tu, haipaswi kutibiwa kwa kubahatisha. Inastahili kamera na CT.

Nimemaliza dozi tano za antibiotiki, napata nafuu kisha narudi palepale. Nifanye nini?

Acha kuomba ya sita. Antibiotiki zinaua bakteria. Hazifungui tundu lililoziba, hazing'oi jiwe, hazigusi fangasi, hazirekebishi jino. Nafuu ya siku chache inatokea kwa sababu bakteria walioota juu ya tatizo wamepungua, kisha wanarudi kwa kuwa nyumba yao bado ipo. Zina nafasi yake pale maambukizi yanapolipuka juu ya tatizo sugu, na vizuri zaidi usaha ukiwa umepimwa. Lakini mtu aliyerudia dozi mara kadhaa ndani ya mwaka anahitaji daktari wa masikio, pua na koo, na anahitaji kujua chanzo.

Basi sainasi sugu isiyo na jiwe inatibiwaje?

Kwa mambo mawili yasiyovutia macho: kuosha pua kwa maji ya chumvi, na dawa ya steroidi ya kupuliza puani, kila siku, kwa wiki na miezi. Wengi huyaacha mapema kwa kuwa hawaoni tofauti siku ya tatu. Dawa ya steroidi inahitaji wiki kadhaa ndipo uihukumu. Namna ya kuipuliza nayo ni muhimu: inamisha kichwa kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, elekeza ncha nje kuelekea pembe ya jicho, mbali na ukuta wa katikati wa pua, na usivute kwa nguvu. Wanaotokwa damu puani mara nyingi ni wale wanaolenga ule ukuta.

Kwa maji ya kuosha, gramu 9 za chumvi katika lita 1 zinatoa ukali unaolingana na wa mwili, na hauwashi. Maji yenyewe yawe ya kiwandani yaliyosafishwa kwa mvuke, au yaliyochemshwa mpaka yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 ikiwa unaishi juu ya mita 2,000, kisha yapoe. Usitumie maji ya bomba au ya kisima moja kwa moja. Kuna kijidudu kiitwacho Naegleria fowleri, ambacho ukikinywa hakidhuru, lakini kikiingia juu puani kinaweza kufika kwenye ubongo na kuua. Ni tukio la nadra sana, lakini kinga yake ni sufuria na moto tu. Osha chupa na uiache ikauke.

Matone ya kufungua pua haraka ni jambo jingine. Yakizidi siku 3 hadi 5, pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe, na mtu anajikuta hawezi kulala bila chupa. Kama uko hapo tayari, mweleze daktari. Kuna njia ya kuyaacha.

Kwa wenye nyama za puani zinazorudi, hasa wenye pumu au wanaodhurika na aspirini, kuna sindano za kisasa zinazotuliza kinga. Mojawapo, dupilumab, iliidhinishwa Marekani kwa tatizo hili mwaka 2019.

Kuna dawa ya kuyeyusha jiwe?

Hakuna. Mvuke, mafuta, mitishamba na maji ya chumvi vinaweza kulainisha kamasi, lakini havitoboi madini yaliyoganda, na jiwe ni kubwa kuliko tundu la kutokea. Mvuke wa maji yanayochemka nao umeunguza wengi, hasa watoto.

Upasuaji unafanywaje? Nitakatwa uso?

Siku hizi hukatwi uso. Kamera nyembamba inapitishwa puani, tundu la asili la sainasi linapanuliwa, na kilichomo kinatolewa na kuoshwa hadi kiishe. Njia hii ilijengwa juu ya kazi ya Walter Messerklinger wa Graz, Austria, aliyefuatilia kwa kamera jinsi kamasi inavyosafiri, na ikaenea duniani miaka ya 1980. Wazo lake lilikuwa kwamba sainasi ikifunguliwa njia, utando unaweza kupona wenyewe. Kabla yake, madaktari waliingia kwa kutoboa mfupa juu ya fizi, na njia hiyo bado hutumika pale kitu kinapokuwa kikubwa au kimekaa pembeni kusikofikika.

Mara nyingi unalazwa usingizi. Hatari zipo: kutokwa damu, kuumia jicho, na kuvuja maji yanayozunguka ubongo. Hizo mbili za mwisho ni nadra, lakini una haki ya kuelezwa kabla ya kutia sahihi. Baada yake usipenge kamasi kwa nguvu mpaka uruhusiwe, piga chafya ukiwa umefungua mdomo, na uoshe pua kama ulivyoelekezwa. Watu huidharau hatua hiyo ya kuosha, na kumbe ndiyo inayozuia makovu kuziba tundu upya.

Itarudi?

Bonge la fangasi likitolewa lote, mara chache hurudi. Tatizo la jino kwa kawaida halirudi jino likitibiwa. Nyama za puani na mzio wa fangasi hurudi mara nyingi, na mgonjwa ajiandae kwa uangalizi wa miaka.

Mtoto wangu anatoa kamasi yenye uvundo tundu moja. Ni sainasi?

Kwanza fikiria kitu alichokiingiza. Usijaribu kukichokonoa, utakisukuma ndani. Na kama kuna uwezekano kwamba ni betri ndogo ya duara, mpeleke hospitali sasa hivi, kwa sababu inaunguza nyama ndani ya saa chache.

Ni dalili zipi hazisubiri miadi?

Jicho kuvimba, kutokeza nje, kuona vitu viwiliviwili au nuru kupungua. Uvimbe laini kwenye paji la uso. Kichwa kuuma vikali pamoja na homa, shingo kukakamaa au kuchanganyikiwa. Shavu kupata ganzi. Yoyote kati ya haya ni safari ya hospitali leo.

Nimeshafanyiwa upasuaji. Niangalie nini kwenye majibu ya maabara?

Kwanza hakikisha yapo, kwa maana kila kilichotolewa kinapaswa kupimwa, hata kama kilionekana wazi kuwa jiwe. Kisha tafuta mambo matatu. Je, fangasi wameonekana, na kama wapo, ripoti inasema hawajavamia utando? Je, kuna chembe zozote za papiloma au saratani? Na kuna dalili za mzio, yaani chembe za eosinofili kwa wingi kwenye kamasi? Otesho la fangasi maabara mara nyingi halioti chochote hata wakiwa wameonekana kwa darubini, kwa hiyo jibu la "hakuna kilichoota" halifuti kilichoonekana. Omba nakala, pamoja na diski ya picha za CT, uvitunze mwenyewe; daktari atakayekuona miaka mitano ijayo atavihitaji.